Bango la Kijani Mlangoni: Tathmini ya Huduma ya Kuwaelimisha Watu wa Stendi ya Kange, Tanga, kuhusu Watoto Waliotoroka Makwao

Kwa miezi minane sasa, mlango wa nyumba yangu ya wageni iliyo jirani na stendi kuu ya mabasi ya Kange, jijini Tanga, una bango la kijani lenye ukubwa wa daftari kubwa lililofunuliwa, na juu ya meza ya mapokezi, pembeni ya kitabu cha wageni, pana kadi ngumu yenye maswali sita. Bango, kadi na mafunzo ya siku moja na nusu ndivyo vinavyounda huduma ninayoitathmini hapa. Watoaji wake ni kikundi kidogo cha watu wa kujitolea, na kusudi lao ni kuwafumbua macho watu wa stendi kuhusu watoto na vijana waliotoroka makwao au wasio na pa kulala. Mafunzo hayalipiwi, lakini bango, kwa kuwa limefunikwa plastiki ngumu ya kuzuia mvua, tunalichangia shilingi 5,000. Nimengoja miezi yote hiyo kabla ya kuandika kwa sababu bango lolote huonekana zuri siku linapobandikwa.

Nianze na uamuzi wao wa kuja stendi badala ya kutuita kwenye ukumbi wa mikutano. Mtoto aliyeondoka kwao usiku hafikii kwa afisa ustawi wa jamii, wala hajui ofisi yake iko wapi. Hufikia kwa kondakta aliyempakia bila kumuuliza, kwa mpiga debe anayemvuta mkono, kwa mama lishe anayemkuta alfajiri akilikodolea macho sufuria la maharage, kwa dereva wa bodaboda, na kwa mtu kama mimi mwenye vitanda vya kukodisha. Mji wetu tunausifia kwa msemo wa waja leo waondoka leo, na kwa mgeni mwenye nauli msemo huo ni ukarimu. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeshuka kwenye basi la mwisho kutoka Korogwe, maana yake ni kwamba hakuna atakayeshangaa kumwona leo wala kumkosa kesho.

Mafunzo yenyewe niliyahudhuria nikiwa na deni. Miaka sita iliyopita, muda mfupi kabla ya magharibi, alisimama mlangoni pangu mvulana mwenye kiroba cha unga kilichofungwa kwa kamba ya katani.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?”

“Lushoto.”

“Na waenda wapi?”

“Dar. Kwa mjomba.”

Nilipomuuliza mjomba anakaa sehemu gani alijibu Kariakoo, kama wajibuvyo wote ambao katika Dar es Salaam nzima wamesikia jina hilo moja. Nikampa wali kwa maharage, nikamtandikia mkeka ukumbini, na alfajiri nikamkabidhi kwa kondakta pamoja na nusu ya nauli, nusu ya pili nikiwa nimebembeleza asamehewe. Alipokuwa akipanga vitu vyake niliona ndani ya kiroba shati la shule, daftari la hesabu na sufuria ndogo isiyo na mfuniko. Nilirudi ndani nikijihesabia thawabu. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 350, na aliyemwezesha kuzimaliza ni mimi.

Sehemu iliyo bora kuliko zote katika huduma hii ni igizo la asubuhi ya kwanza, nami nitalieleza kwa urefu kwa sababu bila hilo yaliyofuata yangekuwa maneno ya semina kama tulivyoyazoea. Wakufunzi wawili kati ya wanne ni vijana ambao waliwahi kulala kwenye vibaraza vya maduka karibu na soko la Mgandini, mchana wakibeba mizigo na jioni wakiosha vyombo kwa mama lishe kwa ujira wa makombo. Mmoja wao aliketi sakafuni katikati yetu, begi la shule mapajani, akatuambia kuwa yeye ameshuka basi sasa hivi na sisi tuwe vile tulivyo kila siku. Tulikuwa watu ishirini na mmoja, na mmoja baada ya mwingine tulishindwa. Kondakta alimuuliza, amesimama na mikono kiunoni, wazazi wake wako wapi. Wakala wa tiketi alitaka kujua ameiba nini. Mama mmoja wa vitumbua alianza kulia kabla hajauliza lolote, jambo ambalo kijana alituambia baadaye kuwa humtisha mtoto kuliko ukali. Mpiga debe wetu, mtu ninayemheshimu kwa bidii yake, hakuweza kabisa kuishusha sauti; hata aliponong’ona alisikika hadi barabarani.

Kijana alikuwa na jibu kwa kila mmoja wetu, na kila jibu lilikuwa uongo mpya: baba ametangulia na basi jingine, mama yuko msalani, nimetumwa na ustadhi wangu. Alipomaliza alitueleza kwamba maswali kuhusu wazazi mtoto huwa ameyaandalia majibu tangu yuko njiani, na kwamba anayeanza nayo hujifungia mlango mwenyewe. Kisha akamwonyesha dereva mmoja wa bodaboda, mtu mkimya ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza zaidi ya kutaja nauli. Zamu yake ilipofika alikuwa amechuchumaa bila kuambiwa hadi macho yake yakalingana na ya kijana, na swali lake lilikuwa neno moja: “Umekula?” Hapo ndipo kijana alipokosa uongo wa kujibu, akatikisa kichwa.

Kadi ya mapokezi imejengwa juu ya igizo hilo. Swali la kwanza ni kama amekula, la pili kama ana maumivu mwilini, na la nne, ambalo nilipolisoma nilinyamaza hadi jirani yangu akanigusa bega, linauliza: amebeba nini? Mtoto anayekwenda kusalimia ndugu hubeba nguo. Anayehama hubeba chombo. Nikaikumbuka ile sufuria.

Swali la sita, kama anaogopa kurudi alikotoka, lilizua mabishano yaliyotupitisha saa ya chakula. Wengi wetu tuliamini kuwa dawa ya utoro ni basi la kurudi, tena likitanguliwa na kofi. Mkufunzi mwenye umri mkubwa alitutajia matokeo ya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011: miongoni mwa vijana wa miaka 13 hadi 24 waliohojiwa, karibu robo tatu walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na wasichana karibu watatu kati ya kila kumi, pamoja na mvulana mmoja kati ya kila saba, walifanyiwa ukatili wa kingono. Hakusema kwamba kila aliyetoroka amepigwa. Wapo wanaoondoka kwa njaa, kwa kufiwa, kwa kukosa nafasi katika nyumba ya mama au baba wa kambo, na wapo walioshawishiwa na rafiki aliyerudi kutoka mjini na viatu vipya. Alichosema ni kwamba mwenye gesti hawezi kujua sababu kwa kumtazama mtoto usoni, na kwamba anayerudishwa kwa nguvu kwenye fimbo aliyoikimbia ataondoka tena, na safari hiyo ya pili atahakikisha hapiti Kange.

Kuhusu sheria walikuwa wafupi na wakweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na mtoto anayezurura bila makazi au anayeombaomba inamweka katika kundi la wanaohitaji matunzo na ulinzi. Sheria hiyo hiyo inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Naitaja hoja hii kwa sababu hofu yetu ya siku zote ilikuwa kinyume chake: kwamba ukimsogelea mtoto wa watu utaulizwa umempata wapi. Tulielezwa utaratibu wa kumjulisha mwenyekiti wa mtaa, kazi ya afisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, ambalo nusu yetu tulidhani ni la wanawake wenye kesi za ndoa peke yao. Kwa nyumba za wageni walisisitiza jambo moja: mtoto asiye na mtu mzima asipewe chumba na kufungiwa, hata kwa nia njema, akae pale ambapo mhudumu wa zamu anamwona hadi msaada ufike.

Sasa bango. Mabango mengi niliyoyaona kuhusu watoto hawa huonyesha uso wenye machozi na kamasi, umepigwa picha kutoka juu, na chini yake ombi la msaada. Picha ya namna hiyo humfanya mpita njia atoe shilingi 500 na kuendelea na safari akiwa mwepesi wa moyo. Hili letu halina picha ya mtoto, na halizungumzi na mpita njia. Linazungumza na mtoto mwenyewe: “Umefika peke yako? Ingia ukae. Kuna chai. Hakuna atakayekupiga.” Maneno machache hayo yanatuelimisha sisi wakubwa kuliko hotuba, kwa kuwa mwenye nyumba aliyekubali kuyabandika ameahidi hadharani, na wateja wake wanamsoma. Mgeni mmoja kutoka Arusha aliniuliza kama chai hiyo ni ya watoto peke yao. Nilimpa naye.

Wakufunzi walitukataza pia jina la chokoraa, na hata lile la mtoto wa mitaani hawalipendi. Wanafuata tamko la kiofisi la watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani. Ni refu, na mpiga debe wetu alisema kuwa kabla hajalimaliza mtoto atakuwa amefika Segera. Hata hivyo naona wana haki. Jina fupi huufanya mtaa kuwa ukoo, wakati mtoto huyo ana kijiji, ana jina la baba, na mara nyingi ana darasa ambalo jina lake bado linaitwa kila asubuhi.

Kasoro zipo, na baadhi si ndogo. Ya kwanza ni ya namba za simu. Bango lina namba tatu: 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto, hailipiwi na hupokewa usiku na mchana, 112 ya polisi kwa dharura, na namba ya tatu ya mkononi ya mhusika mmoja, ambayo usiku wa Jumamosi ya kwanza tulipoihitaji ilikuwa imezimwa. Namba ya mtu binafsi haifai kuchapwa kwenye plastiki. Mtu huhama, huugua, huishiwa chaji, na bango hubaki likimtaja. Nimeifunika kwa karatasi ya gundi, na nimewaambia.

Ya pili ni maandishi. Elimu ya msingi haina ada, lakini mtoto aliyeacha shule darasa la pili hawezi kusoma sentensi nne zilizopangwa kwa herufi za ukubwa wa punje ya mchele. Zaidi ya hayo, sote tulilibandika bango kwenye kimo cha macho yetu sisi.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, nayo ni wasichana. Igizo lilikuwa la mvulana, mifano yote ilikuwa ya wavulana wa sokoni na wa soko la samaki la Deep Sea, na ukipita leo Mgandini utaona wavulana. Msichana haonekani kwa sababu hakai stendi muda wa kutosha aonekane. Anashuka, na ndani ya nusu saa mtu amempokea: mama mwenye sauti laini anayetafuta dada wa kazi, au kijana mwenye simu nzuri anayejua mahali penye ajira. Kesho yake yuko ndani ya nyumba ya mtu, nyuma ya geti, akilea mtoto ambaye yeye amemzidi kidogo tu kwa umri, na hakuna bango litakalomfikia huko. Sheria inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi nyepesi, na tangu mwaka 2008 tunayo sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Mambo haya mawili mafunzo yaliyapitia kwa dakika chache kabla ya kufunga, watu wakiwa wamekwisha kushika funguo zao. Mimi ningeyapa nusu siku nzima, na ningeongeza kwenye kadi swali la saba linalomhusu mtu aliyekuja kumpokea: je, mtoto alimjua kabla ya leo, na je, ni yeye aliyeshika simu na nauli yake? Pia wapo wasichana wanaokimbia kwa sababu wameshika mimba na wanaamini kuwa shule imekwisha. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliokatisha masomo kwa ujauzito kurejea shuleni baada ya kujifungua, na taarifa hiyo, ikisemwa na mama lishe kwa wakati wake, ina uzito kuliko kipeperushi.

Kasoro ya nne ni ya umri. Kijana wa miaka 19 anayelala chini ya turubai la mkaanga chipsi hamo katika Sheria ya Mtoto, na huduma hii haikuwa na la kumwambia, ingawa wale wakufunzi wawili wenyewe walikuwa wa umri huo walipokuwa wanalala nje. Hili si tatizo la Tanga peke yake. Nchini Marekani, utafiti wa Chapin Hall, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Chicago, uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kwamba katika mwaka mmoja kijana mmoja kati ya kila 10 wa miaka 18 hadi 25 hupitia hali ya kukosa makazi kwa namna fulani, ikilinganishwa na mmoja kati ya kila 30 wa miaka 13 hadi 17. Wakubwa ndio wengi, na ndio wasioonewa huruma.

Wakufunzi walitueleza kuwa wazo la bango la mlangoni wamelichukua huko huko Marekani, katika mpango wa Safe Place ulioanzia Louisville, Kentucky, mwaka 1983, ambapo maduka, maktaba na vituo vya zimamoto huweka alama ya manjano ili kijana aliye katika matatizo ajue kuwa anaweza kuingia. Mimi nilivutiwa zaidi na mfano wao wa pili: kampuni ya mabasi ya Greyhound, kwa kushirikiana na huduma ya simu ya kitaifa ya nchi hiyo, imekuwa tangu mwaka 1995 ikiwapa nauli ya bure vijana waliotoroka wanaotaka kurudi nyumbani, baada ya simu kupigwa na nyumbani kukubali kuwapokea. Niliwauliza wenye mabasi waliokuwa chumbani kama wangeweza kutoa kiti kimoja kwa mwezi. Mmoja alikubali palepale, wengine walitazama dari. Tofauti kubwa kati ya Louisville na Kange ni kwamba kule alama ya mlangoni ni ncha ya kitu kirefu: nyuma yake kuna simu inayopokelewa, mtu anayekuja na gari, na kitanda. Sisi simu tunayo. Kitanda cha usiku wa kwanza, kilicho salama na kinachosimamiwa, ndicho tunachokikosa, na kikundi hiki hakijidai kuwa nacho. Afadhali hivyo kuliko kudanganya, lakini anayekusudia kujiunga ajue kuwa usiku wa kwanza utakuwa mikononi mwake.

Kwa miezi minane kadi imetumika kwangu mara nne. Mara moja alikuwa mtoto aliyepotezana na mama yake kwenye msongamano wa sikukuu, na mambo yakaisha kwa kicheko. Mara mbili mhudumu wa zamu alipiga 116, akaongozwa la kufanya, na asubuhi afisa ustawi alikuja. Ya nne hatukufaulu: mvulana alikunywa chai vikombe viwili, akaulizwa swali la pili, akaomba kwenda msalani, na dirisha la msalani kwangu ni pana. Mhudumu alinieleza kuwa alikiacha kikombe kimeoshwa. Baada ya tukio hilo wakufunzi walikuja bila kuitwa, wakakaa na mhudumu wangu kwa saa nzima, wakamwambia kuwa mtoto akipata chai bila kukamatwa anaweza kurudi, na anayejua mlango wako humwambia mwenzake. Ufuatiliaji wa namna hii sijauona katika semina nyingine yoyote, na kwa sababu yake ninaipa huduma alama saba kati ya kumi, ambapo bila hiyo ningeipa tano.

Jambo moja dogo kwa wenye gesti wenzangu. Mwanzoni tuliandika habari za watoto hawa katika kitabu cha wageni, kati ya wafanyabiashara wa nazi na madereva wa malori, katika safu zile zile za jina, kabila, anakotoka na anakokwenda. Kitabu hicho kila mgeni anakiinamia kuweka sahihi, na yeyote anaweza kusoma kuwa kuna mtoto wa fulani amepita hapa peke yake. Wakufunzi ndio waliotuonya. Sasa tuna daftari la pembeni, linakaa ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo anao mhudumu wa zamu.

Ninaipendekeza huduma hii kwa wenye nyumba za wageni na mama lishe kabla ya mtu mwingine yeyote. Makondakta wanaihitaji zaidi lakini ratiba ya siku moja na nusu haiwafai, na wao wangefundishwa kwa saa mbili mbili mabasi yakiwa yanasubiri foleni. Anayetaka kujiandikisha hupitia kwa mwenyekiti wake wa mtaa. Nimekwisha kuchangia shilingi 5,000 nyingine kwa ajili ya bango la pili, ambalo wameahidi litakuwa na picha ya kikombe cha chai mahali pa sentensi zote nne, na bila namba ya mtu. Halijafika bado. Msumari wake nimeshaupigilia, chini ya ule wa kwanza, kwa kimo cha kifua changu.